Nyoka mweupe, picha ya manjano: kutafuta mahali rangi inapopotelea

Umemtoa nyoka wako mweupe, umempiga picha, na aliyetokea kwenye simu ni mwingine: ana umanjano wa gazeti la zamani. Unapiga tena, anatoka wa kijivu. Unamsogeza dirishani, anageuka wa buluu. Kati ya hao watatu hakuna hata mmoja anayefanana na huyu aliyejizungusha mkononi mwako.

Nyoka wa kahawia akiongezewa umanjano kidogo, jicho halishtuki. Krimu ikiongezewa umanjano uleule inageuka rangi nyingine. Na kwa nyoka hawa, tofauti ndogo ndiyo utambulisho wao. Nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, wa aina ya Snow ana mabaka hafifu ya waridi na krimu mgongoni, wakati wa aina ya Blizzard karibu hana mabaka kabisa. Mwanga ukizidi kidogo kwenye picha, Snow anageuzwa Blizzard. Chatu wa Python regius mweupe mwenye macho ya buluu, aliyerithi jeni ya Mojave kutoka kwa wazazi wote wawili, mara nyingi ana kivuli cha kijivu kichwani. Picha iliyoungua, yaani iliyozidiwa na mwanga, inakifuta kivuli hicho, na anayeitazama anadanganywa bila mtu yeyote kukusudia.

Rangi inaweza kupotea kwenye ngozi ya nyoka, kwenye mwanga unaomwangaza, ndani ya kamera, au kwenye kioo unachotazamia picha. Tafuta kwa mpangilio huo. Ukianza na programu ya kuhariri, utazungusha vitelezi hadi usiku wa manane ukirekebisha kosa lililokuwa kwenye taa.

Rangi imechuja hata kwa macho yako mwenyewe

Mtazame macho. Yakiwa na ukungu wa buluu au maziwa, nyoka anajiandaa kujivua gamba. Kati ya ngozi ya zamani na mpya kuna majimaji, na hayo ndiyo yanayoweka utando juu ya kila kitu: weupe unakuwa wa chokaa, waridi inakuwa ya kijivu, manjano inafifia. Macho yatarudi kung'aa siku chache kabla hajajivua, na hapo wengi hudhani mambo yametengemaa. Bado. Ngozi kuukuu ingali mwilini. Subiri ajivue kabisa. Siku moja au mbili baada ya hapo ndipo rangi yake inapokuwa safi kuliko wakati mwingine wowote, na hakuna kifaa kinachoweza kukupa kile ambacho kusubiri kungekupa. Isitoshe, nyoka aliye katika kipindi hicho haoni vizuri na hukasirika upesi, kwa hiyo kumwacha atulie ni heshima kwake pia.

Kama macho ni maangavu na bado rangi si ile unayoikumbuka, fikiria umri. Snow huanguliwa akiwa wa waridi, na wengi hupata umanjano kwenye koo na shingo wanapokua. Umanjano huo ni wake halali. Usiuondoe kwenye picha ya mtu mzima kwa sababu tu picha zake za utotoni hazikuwa nao. Boa nao baadhi yao hubadilika kati ya mchana na usiku, usiku wakiwa na rangi hafifu zaidi, kwa hiyo picha mbili za nyoka mmoja zinaweza kutofautiana na zote zikawa za kweli. Andika saa ya kupiga.

Halafu kuna uchafu. Vumbi la matandiko hujificha katikati ya magamba na kwenye nyoka mweupe huonekana kama madoa ya kahawia. Kitambaa laini kilicholowanishwa kwa maji ya uvuguvugu kinatosha. Usimpake mafuta ili ang'ae.

Nyoka mweupe anatoka wa kijivu

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi, na chanzo chake ni kimoja. Kipimo cha mwanga cha kamera hakijui kwamba kinatazama nyoka mweupe. Kimeundwa kudhani kwamba mandhari yoyote, ukiyachanganya yote pamoja, yanarudisha mwanga kiasi cha kijivu cha kati, kile ambacho wapiga picha hukihesabu kuwa asilimia 18. Kitu cheupe sana kinarudisha asilimia 90 hivi. Kamera ikimwona chatu mweupe juu ya shuka jeupe, inaona mwanga mwingi kupita kiasi na kuupunguza mpaka weupe wote ushuke kuwa kijivu. Kamera inafanya kazi yake sawasawa, ila inajibu swali ambalo hukuliuliza.

Dawa ni kitufe chenye alama ya kuongeza na kutoa. Kwa nyoka mweupe juu ya kitu cheupe, anza na +1, kisha jaribu +1.3 na +1.7. Kila namba nzima moja ni mwanga mara mbili zaidi. Kwenye simu, gusa juu ya nyoka na ushikilie kidole mpaka fokasi na mwanga vifungwe, halafu buruta alama ya jua kwenda juu. Kufunga ni muhimu, maana nyoka akisogea kidogo simu hupima upya, na picha kumi mfululizo zitakuwa na weupe wa namna kumi.

Kisha fungua histogramu, ule mchoro unaoonesha giza la picha upande wa kushoto na mwanga upande wa kulia. Nyoka mweupe anapaswa kujenga mlima wake upande wa kulia, karibu na ukuta lakini bila kuugusa. Mlima ukisimama katikati, nyoka wako ni wa kijivu, hata kama kwenye kioo chenye mwanga mkali anaonekana mweupe.

Magamba yametoweka, mwili umekuwa kama umekatwa kwenye karatasi

Hapa kosa ni la upande wa pili. Mara nyingi nyoka amewekwa juu ya kitambaa cheusi kwa sababu kinapendeza, na kamera, ikiona weusi umejaa, imeongeza mwanga mpaka nyoka akaungua. Shusha hadi −1, hata zaidi kama mwili unachukua sehemu ndogo ya picha. Binafsi sipendi kitambaa cheusi kwa nyoka wa rangi hafifu. Mandhari ya kijivu cha wastani huipa kamera kitu inachokielewa, na jicho la mtazamaji nalo linapata kipimo cha kulinganishia.

Kuna aina ya kuungua ambayo histogramu ya kawaida haiioneshi, na imewapoteza watu wengi. Chukua chatu wa Burma mwenye ualbino, mweupe na mabaka ya manjano na chungwa. Kamera huhifadhi kila rangi kwa njia tatu: nyekundu, kijani na buluu, na kwenye faili la kawaida kila njia huishia 255. Rangi ya chungwa ina nyekundu nyingi, kijani ya wastani na buluu kidogo. Ukiongeza mwanga, nyekundu inagonga 255 na kusimama, huku kijani ikiendelea kupanda. Uwiano umevunjika: chungwa inakuwa manjano. Ukizidi kuongeza, kijani nayo inagonga ukuta, na manjano inabaki bapa, bila kivuli hata cha gamba moja. Waridi hafifu inakufa kwa njia hiyohiyo, nyekundu ikitangulia na nyingine zikiifikia, mpaka nyoka wa waridi akatoka mweupe.

Histogramu ya mwanga wa jumla inaweza kuonesha kwamba kila kitu ni salama wakati nyekundu imeshakufa. Washa ile inayoonesha njia tatu kila moja peke yake. Nyekundu ikigusa ukuta wa kulia, punguza theluthi moja ya hatua (hatua ni ile namba nzima moja) na upige tena. Na kama kamera au simu yako inaweza kuhifadhi faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaichakata, lihifadhi. Lina nafasi ya kurudisha sehemu ya kilichozidi, nafasi ambayo JPEG, faili la kawaida la picha, haina.

Mwili mzima una umanjano, au mwili mzima una ubuluu

Macho yetu husahihisha mwanga bila kutuuliza. Karatasi nyeupe chini ya balbu tunaiona nyeupe, na jioni kivulini tunaiona nyeupe vilevile. Kamera haina uzoefu huo, inakisia. Balbu ya uzi ina joto la rangi la kelvini 2700 hadi 3000, jua la mchana na flashi ziko karibu na 5500, kivuli cha siku ya jua hufika 7000 au zaidi. Namba ikiwa ndogo mwanga ni wa manjano, ikiwa kubwa ni wa buluu.

Mpangilio wa otomatiki wa mizani ya weupe, ule ulioandikwa AWB, hutafuta kitu cheupe ndani ya picha ili ukisie. Nyoka wa krimu akijaza picha, kamera inadhani krimu hiyo ni weupe uliochafuliwa na taa, na inaisafisha. Umepoteza krimu. Ukimweka nyoka huyohuyo juu ya ubao wa kahawia, inaweza kukosea kuelekea upande mwingine. Ndiyo maana nyoka mmoja, chini ya taa moja, hutoka na rangi tofauti kila unapobadilisha mandhari.

Toka kwenye otomatiki. Unaweza kuchagua namba ya kelvini mwenyewe, lakini kumbuka mkanganyiko unaowachosha wengi: ukiiambia kamera kwamba mwanga ni wa 7000, itaongeza umanjano, kwa sababu inafidia ubuluu uliouambia upo. Picha ikiwa ya manjano mno, shusha namba.

Njia ninayoiamini zaidi ni kadi ya kijivu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Iweke pale pale atakapolala nyoka, ikielekea upande uleule atakaoelekea, piga picha yake, na uiambie kamera itumie picha hiyo kuwa kipimo. Au ipige tu mwanzoni mwa kipindi, halafu wakati wa kuhariri faili ghafi ubofye kijivu hicho kwa alama ya kidondoshi na unakili mpangilio kwenye picha zote zilizofuata. Taa ikisogezwa au wingu likipita, piga kadi upya.

Watu wengi hutumia karatasi ya kawaida ya kuchapishia badala ya kadi. Ninaelewa kwa nini, ipo kila mahali. Lakini karatasi hizo hutiwa kemikali za kung'arisha ambazo hunyonya mwanga wa urujuanimno na kuutoa ukiwa wa buluu. Karatasi inaonekana nyeupe kuliko nyeupe. Ukiitumia kuwa kipimo dirishani au chini ya flashi, kamera itaondoa ubuluu ambao nyoka hana, na nyoka atatoka wa manjano. Shuka jeupe lililofuliwa kwa sabuni za kung'arisha lina tabia hiyohiyo, na likiwa mandhari litamfanya nyoka mweupe kabisa aonekane mchafu pembeni yake. Kama umekwisha kurekebisha kila kitu na bado krimu imezidi, badilisha shuka kwanza.

Upande mmoja manjano, upande mwingine buluu

Una taa mbili za rangi tofauti: dirisha kushoto na balbu ya chumba kulia, au flashi mbele na taa ya boksi anamoishi nyoka juu. Hakuna mpangilio mmoja unaoweza kusahihisha zote mbili, kwa sababu kila gamba linapokea mchanganyiko wake. Zima moja. Kati ya dirisha na balbu, zima balbu.

Taa nyekundu ya joto ni ya kuzimwa bila mjadala. Mwanga wake hauna kijani wala buluu ya kutosha, na kamera haiwezi kurekodi rangi ambayo haikuangazwa. Wakati wa kupiga, mtoe nyoka nje ya boksi. Kioo cha boksi chenyewe huongeza ukijani hafifu na mng'ao, na kwa nyoka mweupe ukijani huo unaonekana mara moja.

Doa la kijani tumboni, wekundu usioeleweka shingoni

Nyoka mweupe ni kioo kisichong'aa. Anapokea rangi ya kila kilicho karibu na kuirudisha. Majani yanampa ukijani chini ya tumbo, sakafu ya mbao inampa uchungwa, ukuta wa buluu unapoza ubavu wake wote. Niliwahi kutumia jioni nzima nikitafuta chanzo cha wekundu kwenye shingo ya Snow. Nilibadilisha taa, kadi na lenzi, na wekundu ukabaki palepale. Ulikuwa wa shati langu. Nilikuwa nimeinama juu yake, na dirisha lilikuwa linanigonga kifuani. Tangu siku hiyo huvaa kijivu au nyeusi ninapopiga nyoka weupe.

Jaribio ni rahisi: weka kadi ya kijivu mahali pa nyoka na ubofye sehemu zake mbalimbali. Kama ukingo mmoja una rangi ambayo mwingine hauna, kuna kitu pembeni kinachoakisi.

Weupe uko sawa, lakini waridi na chungwa hazina uhai

Hapa usiishutumu kamera. Itazame taa. Taa mbili za LED zinaweza kuwa na kelvini zilezile na weupe ukatoka sawa kwenye zote, ila moja ikawa na upungufu kwenye sehemu nyekundu ya mwanga. Waridi ya nyoka mwenye ualbino inatokana kwa sehemu na damu inayopita chini ya ngozi isiyo na melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi. Taa isipotoa wekundu huo, hakuna wa kurudishwa. Tafuta kwenye kifungashio cha taa kipimo cha CRI, kinachoonesha jinsi taa inavyozitoa rangi kwa usahihi na kinachoishia 100, na uchague ya 95 au zaidi. Kama imeandikwa pia R9, hicho ndicho kipimo cha wekundu uliokolea, na kwa nyoka wetu kina uzito kuliko ile namba ya jumla. Ukikosa taa hiyo, dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja linazishinda taa nyingi za nyumbani.

Kama rangi inabadilika kutoka picha hadi picha bila kitu kusogezwa, au kuna mistari ya giza inayokatiza mwili, taa inapepesa. Umeme wa 50 Hz hupepesa taa mara 100 kwa sekunde, wa 60 Hz mara 120. Weka kasi ya shata 1/50 au 1/100 kwa ule wa kwanza, 1/60 au 1/120 kwa wa pili.

Mng'ao mweupe umefunika magamba

Magamba laini huakisi taa kama vigae vilivyolowa. Mng'ao huo hubeba rangi ya taa, wala si ya nyoka, kwa hiyo unachuja rangi iliyo chini yake. Ifanye taa iwe kubwa na laini: pitisha mwanga kwenye kitambaa cheupe, au uelekeze flashi kwenye dari nyeupe. Dari ikiwa na rangi, rangi hiyo itakuja na mwanga. Filta ya polaraiza, kioo cha mbele ya lenzi kinachokata mng'ao, nayo husaidia sana, ingawa inakula mwanga wa hatua moja hadi mbili. Izungushe taratibu huku ukitazama mgongo, na usiondoe mng'ao wote, kwani nyoka asiye na mng'ao hata kidogo anaonekana wa plastiki.

Kuhusu flashi na macho: nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba angavu, hawezi kulifumba. Nyoka mwenye ualbino hana melanini ya kumkinga na mwanga mkali. Sipigi flashi wazi usoni mwa nyoka yeyote, na kwa wenye ualbino natumia dirisha kila inapowezekana. Dakika kumi au kumi na tano zinatosha. Akianza kuficha kichwa chini ya mikunjo ya mwili wake, kipindi kimekwisha. Na aliyekula ndani ya saa 48 zilizopita hatolewi kabisa.

Simu inampendezesha bila kuombwa

Simu nyingi huunganisha picha kadhaa kuwa moja, hunyanyua vivuli, hushusha weupe na kukoleza rangi. Kwa nyoka wa krimu matokeo ni umanjano uliokolezwa na magamba yaliyochorwa kingo. Zima HDR (huko kuunganisha picha), zima utambuzi wa mandhari, zima urembo. Kama kuna hali ya kitaalamu, ifungue na uweke mizani ya weupe kwa mkono.

Kwenye kamera ni sahihi, kwingine ni vibaya

Zima kwanza hali ya usiku inayofanya kioo kiwe cha manjano, na ile inayobadilisha rangi ya kioo kufuata taa ya chumba. Wengi wamemharibu nyoka kwa kumwongezea ubuluu saa tano usiku, wakisahihisha kioo wakidhani wanasahihisha picha.

Kama picha ina rangi kwenye kompyuta yako lakini imepauka kwa wengine, huenda umeihifadhi kwa Adobe RGB, wasifu wa rangi ulio mpana kuliko ule wa kawaida. Programu isiyosoma wasifu huo inazitafsiri namba vibaya, na rangi zinazokufa kwanza ndizo hizi laini. Toa nakala ya kutuma kwa sRGB, ule wasifu wa kawaida, ukiwa ndani ya faili. Programu za ujumbe nazo hubana picha na kupunguza taarifa za rangi kuliko za mwanga, kiasi kwamba mpaka mwembamba kati ya waridi na krimu unavuja. Itume kama hati badala ya picha.

Baada ya hayo yote, rudi kwenye mwanga uleule uliompigia, mshike nyoka pembeni ya kioo, na ulinganishe sehemu tatu: koo, mgongo wa katikati na ncha ya mkia. Koo hudanganya kuhusu umanjano, mgongo kuhusu mwanga uliozidi, mkia kuhusu waridi. Zikikubaliana zote tatu, mrudishe kwenye boksi lake, na uihifadhi picha pamoja na ile ya kadi ya kijivu.